Miaka 17 kwenye bustani, na bado naitwa boi

Mjomba, pokea salamu kutoka Kangemi.

Mimi ni mwanamume wa miaka 46, nina mke na watoto watatu. Kwa miaka 17 nimetunza bustani ya boma moja huko Loresho, Nairobi. Nilipoingia pale palikuwa na kokoto za ujenzi, vipande vya mabati na mukinduri mmoja uliokuwa umekatwa vibaya. Leo wageni wakija wanapigia picha pale kabla hawajaingia ndani. Mshahara wangu ni 14,000, nalala kwangu, nyumba ya 4,500 kwa mwezi. Lakini hilo silo lililonifanya nikuandikie.

Mwezi wa pili mwaka huu jirani yetu, mama mmoja mstaafu, aliniita kupitia ua. Nyasi zake zilikuwa zimegeuka njano na mawaridi yake yalikuwa yanapukutika majani yenye madoa meusi. Kuna kampuni ya kupamba bustani ilikuwa imemletea hesabu ya 85,000: nyasi zote zing'olewe, umwagwe udongo mpya, ziletwe nyasi zile za kukunjwa kama mkeka. Nilichuchumaa, nikachimbua kipande kimoja, nikakuta mizizi haizidi kidole gumba. Nikamuuliza kijana wake anamwagilia saa ngapi. Akasema kila siku adhuhuri, kidogo kidogo, na jioni anarusha maji juu ya mawaridi. Tena mashine ya kukatia nyasi alikuwa ameishusha hadi chini kabisa, na huo ni wakati wa jua kali.

Nikamwambia huyo mama hakuna cha kung'oa. Tukapandisha kisu cha mashine. Maji yakawa mara mbili kwa wiki, alfajiri, mengi ya kuzama. Nilitoboatoboa ardhi kwa jembe la meno, nikatandaza samadi kuukuu niliyoichekecha pamoja na mchanga. Mawaridi niliyapogoa, majani yaliyoanguka nikayachoma, na kila nilipomaliza shina moja niliufuta mkasi kwa spiriti. Chini ya mti wake mkubwa nilimwambia asahau nyasi, maana nyasi ya Kikuyu haipendi kivuli. Nilienda Jumamosi nne mchana, baada ya kutoka kazini. Akaniuliza nataka ngapi. Nikasema 500 kwa siku, kwa sababu ndiyo bei ya kibarua huku kwetu. Mvua ya masika ilipokolea, pale mahali pakawa kama uwanja wa mpira wa Ulaya.

Sasa huyo mama akanisifu mbele ya mzee wangu, yule mwajiri mwenye boma, kwenye mkutano wa wakazi. Akasema mimi ni daktari wa mimea. Mzee alirudi amekasirika. Aliniita mbele ya mlinzi na dereva akaniuliza, "Nani alikuruhusu kupeleka ujuzi wangu kwa watu? Kila unachojua ulijifunzia hapa kwangu. Wewe ni shamba boi, usijifanye profesa." Mjomba, nina mvi.

Wiki hiyo hiyo binti yangu aliyeko kidato cha tatu alileta fomu ya basari, ule msaada wa karo, niitie sahihi. Penye kazi ya baba alikuwa ameandika "mfanyabiashara". Nilitia sahihi bila kusema neno.

Mke wangu anasema ninyamaze, tusije tukapoteza hata hicho kidogo. Mimi nafikiria kuacha kazi. Nifanye nini? Na je, ni kweli ujuzi huu ni wa mzee?

Mwenye mkasi, Kangemi

*

Ndugu yangu mwenye mkasi,

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilishika kalamu. Nimepigia mstari yale uliyoyapita mbio.

Kwanza ni ile 14,000. Umeitaja kama mtu anayetaja hali ya hewa, kisha ukasema silo lililokuleta. Kwangu ndilo la kwanza. Kwa viwango vilivyoanza Novemba 2024, kima cha chini cha mshahara kwa mtunza bustani katika jiji la Nairobi ni shilingi 16,113.75 kwa mwezi. Na kwa kuwa mwajiri hakupi pa kulala, anapaswa kukuongezea asilimia 15 ya makazi, ambayo ni 2,417. Jumla inapita 18,500. Kwa hiyo kila mwisho wa mwezi mzee anabaki na 4,500 zako na kitu, karibu sawasawa na kodi unayolipa Kangemi. Matusi uliyasikia kwa sababu yalisemwa mbele ya mlinzi na dereva. Haya mengine yamekuwa yakitendeka kimyakimya.

Nakuomba usiyaruke haya kwa sababu eti ni mambo ya pesa na wewe unauliza mambo ya heshima. Katika mji huu yanaandikwa kwenye karatasi moja.

Sasa nikuonyeshe karatasi yenyewe. Ukifungua jedwali la serikali la kima cha chini cha mshahara, mtunza bustani yumo kwenye safu ya mwanzo kabisa, ile ya chini, pamoja na mfagiaji, yaya, mtumishi wa nyumbani, tarishi na mlinzi wa mchana. Wote hao wanafanya kazi ya halali na ngumu, simdharau hata mmoja. Lakini tazama kilichotokea: jedwali hilo hilo lina safu za juu za mafundi, waliopangwa kwa daraja kulingana na majaribio ya ufundi waliyofaulu. Fundi wa daraja la kwanza anapata zaidi ya yule asiye na daraja, na asiye na daraja naye anakuzidi wewe. Kwa hiyo mzee wako hakuvumbua dharau hii. Ameikuta imechapishwa.

Neno lenyewe lina umri. Wakati wa ukoloni mwanamume Mwafrika aliyefanya kazi kwa mzungu alikuwa "boi", awe na miaka 15 au 60. Shingoni alining'iniza kipande, ile hati ya lazima ya utambulisho na kazi, ndani ya kikebe cha chuma, na ndani ya kile kipande mwajiri aliandika mshahara na tarehe alizotaka. Vipande viliondoka, lakini neno lilibaki getini, tukalirithi sisi wenyewe pamoja na nyumba. Nina rafiki, msomi wa kutajika, asiyeweza kutamka "shamba" bila kumalizia na "boi". Nikimkosoa anasema ni mazoea tu. Mbona basi hamwiti daktari wake wa meno "boi wa meno"?

Halafu kuna jambo ambalo huniuma kila Oktoba jakaranda zikichanua, Nairobi nzima ikitoa simu kupiga picha. Kwa jakaranda na bogainvilia za barabara zetu kuu, jina linalotajwa ni Peter Greensmith, aliyesimamia bustani za jiji enzi za ukoloni. Sina ugomvi naye, alijua kazi yake. Lakini miti haikupandwa na mtu mmoja. Kuna watu waliochimba yale mashimo, wakabeba maji, wakajua mche upi umesimama na upi umekufa wima, na hakuna aliyeandika majina yao. Pengine mmoja wao ni babu ya mtu anayesoma hapa.

Turudi Loresho. Mzee anasema ujuzi ni wake kwa kuwa ulijifunzia kwake. Nenda Grogan, pale Barabara ya Kirinyaga, umtafute fundi wa injini ambaye hakujifunzia kwenye gari la mtu mwingine. Hutampata. Mwenye gari alilipa gari litengenezwe, hakununua kichwa cha fundi. Mzee alilipa (tena kasoro) ili bustani ipendeze, na bustani imependeza. Deni hilo limeisha. Kama angetaka ujuzi uwe wake, angeshika jembe la meno yeye mwenyewe kwa miaka 17.

Ila kuna swali ambalo barua yako inalikwepa: lile jembe la meno na ule mkasi vilikuwa vya nani? Kama vilitoka stoo ya mzee, ana haki ya kulalamika kuhusu vifaa, na ungemwomba radhi kwa hilo moja tu. Saa ni zako. Sheria inakupa angalau siku moja ya mapumziko katika kila saba, na Jumamosi mchana baada ya kutoka kazini si mali ya mtu. Vifaa ni jambo jingine. Nunua mkasi wako. Fundi asiye na mkasi wake ataendelea kuomba ruhusa.

Sasa nije kwenye mstari niliouwekea alama mbili: "kila nilipomaliza shina moja niliufuta mkasi kwa spiriti". Ndugu yangu, nimeajiri watu kadhaa wa kukata ua langu na sijawahi kumwona hata mmoja akifanya hivyo. Ugonjwa husafiri kwa kisu kutoka mti hadi mti. Daktari wa upasuaji analijua hilo, na wewe unalijua. Na ile ya maji kidogo kidogo ya adhuhuri: mimi mwenyewe nilifanya kosa hilo miaka miwili, nikidhani nazionea huruma nyasi. Kumbe nilikuwa naifundisha mizizi kukaa juu isubiri kulishwa, kama kijana asiyetaka kuhama kwao, halafu jua la Januari likaikuta hapo hapo. Tena mawaridi niliyanyunyizia dawa saa saba mchana, majani yakaungua, mke wangu hakunisemesha hadi Jumatatu.

Wewe ulichuchumaa, ukachimbua kipande, ukauliza saa ya kumwagilia. Hicho kitendo cha dakika tano ndicho kilichookoa 85,000. Zile Jumamosi nne za jembe zingeweza kufanywa na kijana yeyote mwenye nguvu ukiwa umesimama pembeni ukimwelekeza. Lakini ulipoulizwa bei, uliuza jembe na ukagawa dakika tano bure. Hapo ulijipunja mwenyewe, mzee hakuwepo.

Shida ya kazi yako ni kwamba ikifaulu haionekani. Fundi wa bomba akimaliza, maji yamekoma kuvuja na kila mtu ameona. Mimi nimewahi kumlipa mmoja 1,500 kwa dakika kumi bila kunung'unika, na wiki hiyo hiyo nikabishana na mtu wa bustani juu ya shilingi mia. Nilidhani namlipa jasho, na jasho la asubuhi ile halikuwa jingi. Bustani ikipendeza watu husema Loresho ina udongo mwekundu mzuri. Ikinyauka, ndipo wanaulizana aliyeitunza ni nani.

Kwa hiyo tenganisha bei. Ukiitwa kuangalia, kuna ada ya kuangalia. Taja 1,500 kama fundi wa bomba, na uitaje kabla hujachuchumaa. Kazi yenyewe ipigie hesabu kwa jumla yake, usihesabu kwa siku: samadi, mchanga, usafiri, kijana wa kukusaidia, na wewe. Andika hata kwenye karatasi ya daftari, tia tarehe. Piga picha siku ya kwanza na baada ya miezi miwili, mahali pale pale, saa ile ile. Yule mama mstaafu mwombe aandike mistari mitatu na kutia sahihi. Amekuita daktari mbele ya watu, hatashindwa kuandika.

Kuhusu kuacha kazi, hapana, si sasa. Mke wako anaogopa na ana sababu ya kuogopa, maana ndiye anayejua unga umebaki kiasi gani. Lakini kunyamaza nako kunawagharimu 4,500 kila mwezi. Chagua siku ambayo mzee hajakasirika, uende peke yako, bila kutaja mambo ya matusi. Mwambie hivi, kwa maneno yako: "Mzee, nimekaa hapa miaka 17 na sina mkataba wa maandishi. Naomba tuandikiane, na mshahara ufike kile kima cha serikali pamoja na makazi." Kisha nyamaza. Watu wengi huharibu hapo, wanaendelea kuongea hadi wanajipunguzia wenyewe.

Sheria ya Ajira ya 2007 inataka kazi ya miezi mitatu au zaidi iwe na mkataba wa maandishi, na kuuandaa ni jukumu la mwajiri. Inakupa likizo ya siku 21 za kazi kwa mwaka yenye malipo. Sijui kama umewahi kuionja. Uliza pia kama michango yako ya NSSF, ile akiba ya uzeeni, na ya bima ya afya ya SHA inapelekwa au inakatwa tu. Akikataa, ipo ofisi ya afisa wa kazi wa serikali, na kipo chama cha KUDHEIHA kinachowatetea wafanyakazi wa nyumbani, watu wa bustani wakiwemo. Kupeleka malalamiko si sababu halali ya kukufukuza. Najua sheria kusema na mzee kutenda ni mambo mawili, ndiyo maana nataka uwe na mkasi wako na wateja wawili watatu wa Jumamosi kabla hujafika huko. Lakini usikae nalo sana pia, kwa kuwa madai ya kazi yana ukomo wa miaka mitatu.

Na siku utakayoondoka, kwa heri au kwa shari, dai cheti cha utumishi. Mwajiri analazimika kukupa, chenye tarehe na aina ya kazi. Halazimiki kukusifu ndani yake. Ndiyo maana nikataja picha na ile barua ya mama.

Kuna mlango mwingine, na huu ndio ningeupenda zaidi. Serikali imeanza utaratibu wa kuutambua ujuzi ambao mtu ameupata kazini bila kupita darasani. Mamlaka ya Kitaifa ya Sifa za Masomo, KNQA, ndiyo inayousimamia, na NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani, ndiyo imekuwa ikitahini mafundi miaka yote. Nenda NITA pale Eneo la Viwanda, uulize ni fani ipi iliyo karibu na yako inayotahiniwa na ada yake ni ngapi. Usiende kuomba kusomeshwa. Waambie una miaka 17 na unataka kupimwa. Pale chuo kikuu cha JKUAT, Juja, watu wanasomea usanifu wa mandhari hadi wanapata shahada, kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba hii si taaluma. Kilichokosekana kwako ni mtu wa kukupima.

Ujiite nani? Mimi ningekuita fundi wa bustani. "Mtunza" ni neno zuri lakini linamfanya mtu aonekane kama analinda kitu kilichokuwepo tayari. Kwenye boma lile palikuwa na kokoto na mabati. Anza kulisema mwenyewe kwenye simu: "Mimi ni fundi wa bustani, Kangemi." Mlinzi na dereva watacheka wiki ya kwanza.

Binti yako sasa. Usimgombeze. Msichana wa kidato cha tatu akiandika vile, hajakukataa wewe, amekwepa lile neno, na hata wewe katika barua hukulitumia kujitaja mwenyewe. Ila kuna jambo la haraka ambalo nyote wawili mmelipita: hiyo ni fomu ya basari! Basari hutolewa kwa kuangalia uwezo wa mzazi. Kamati ikisoma "mfanyabiashara, Nairobi" itampa mtoto wa jirani. Kimbia shuleni kesho mkaombe fomu nyingine, na safari hii mjaze pamoja mezani, wewe ukimtajia na yeye akiandika. Akifika penye kazi ya baba, mtajie polepole.

Kabla sijafunga, nami nina shida. Ua langu la kayaba limekauka upande mmoja, kama hatua sita hivi, upande wa barabara tu. Majani ya ndani bado ni mabichi. Nimemwagilia, nimeweka samadi, hakuna kilichobadilika. Usinijibu bure. Nitumie kwanza ada yako ya kuja kuangalia.

Mjomba